Nyaraka za Rais Mstaafu ni za Nani? Mjadala wa Butiama, Bunda na Musoma

Maktaba ya kumbukumbu ya rais mstaafu ni taasisi ambayo haijatimiza miaka 100. Ya kwanza, kwa maana inayotumika leo, ilifunguliwa Juni 1941 kijijini Hyde Park, jimbo la New York, katika ardhi ya familia ya Franklin Roosevelt, naye akiwa bado madarakani. Kabla ya hapo rais wa Marekani alipoondoka alibeba karatasi zake kama mpangaji anavyobeba vyombo vyake, kwa sababu zilihesabiwa kuwa mali yake. Karatasi za Abraham Lincoln zilishikwa na mwanawe Robert, aliyeagiza zisifunguliwe mpaka ipite miaka 21 tangu kifo chake yeye mwenyewe. Umma uliziona mwaka 1947, miaka 82 baada ya Lincoln kuuawa. Roosevelt alikata desturi hiyo. Alizitoa karatasi zake kwa taifa, jengo likajengwa kwa michango ya watu binafsi, kisha serikali ikakabidhiwa iliendeshe. Alipofariki mwaka 1945 alizikwa hapo hapo, katika bustani ya nyumbani kwao.

Katika Afrika Mashariki, mahali panapofanana zaidi na Hyde Park ni Butiama, mkoani Mara. Julius Nyerere alizaliwa hapo Aprili 13, 1922, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Alirudi hapo baada ya kung'atuka urais Novemba 1985, na akazikwa hapo Oktoba 1999, Mwitongo, karibu na makaburi ya wazazi wake. Makumbusho yenye jina lake, ambayo ni sehemu ya Makumbusho ya Taifa, yalifunguliwa Julai 1999, miezi michache kabla hajafariki London. Nyumbani kwa familia ipo maktaba yake binafsi, yenye vitabu alivyovikusanya katika maisha marefu ya kusoma. Nyumba, kaburi, makumbusho na vitabu viko pamoja. Kisichokuwapo ni mkusanyiko mkuu wa majalada ya kazi ya urais, uliopangwa na kuorodheshwa, wenye chumba ambamo mtu asiye na cheo anaweza kuingia, akaomba faili, akasoma.

Kwa nini marais wastaafu hujenga maktaba, na je, mkoa wa Mara unaihitaji? Swali hilo linajadiliwa hapa kwa sauti tatu. Si sauti za watu fulani wanaojulikana. Zimeundwa ili kila hoja ipate msemaji wake. Ya kwanza ni ya mzee wa Butiama, jirani wa Mwitongo, aliyezoea kuona magari ya wageni yakiingia kutoka barabara kuu ya Mwanza na Sirari. Ya pili ni ya mwalimu wa historia wa sekondari mjini Bunda. Ya tatu ni ya mkutubi wa Musoma, ambaye kazi yake ni kuhifadhi maandishi na kuwapa watu wayasome.

Mzee wa Butiama anaanza na heshima. Kwake, kiongozi hujengewa kumbukumbu kwa sababu watu watakuja kumtafuta, wapende wasipende waliomzika. Kila Oktoba 14, siku ya kumbukumbu ya kifo cha Nyerere, inapokaribia, wanakuja wanafunzi, viongozi wa serikali na wa chama, na waumini Wakatoliki. Wakikuta kaburi peke yake watasimama, watasali na kuondoka. Wakikuta vitu vyake na maandishi yake wataondoka na jambo la kuwasimulia watoto. Mzee anaongeza sababu ambayo wengi huisahau: rais mstaafu bado ni mtu wa kazi. Nyerere alirudi kijijini akiwa na umri wa miaka 63. Alilima, lakini pia aliongoza Tume ya Kusini kuanzia 1987, akasuluhisha mgogoro wa Burundi katika miaka yake ya mwisho, akatafsiri Enjili kwa utenzi, kazi iliyochapwa 1996. Mtu wa namna hiyo anahitaji meza, kabati la majalada na mtu wa kumsaidia. Harry Truman alikuwa na ofisi ndani ya maktaba yake mjini Independence, Missouri, tangu ilipofunguliwa 1957, na alifika kazini kama mfanyakazi mwingine yeyote.

Katika hoja hiyo mzee ana haki kubwa kuliko anavyopewa kwa kawaida. Barani Afrika katika miaka ya 1980, rais aliyeondoka kwa hiari alikuwa mtu wa kuhesabika kwa vidole: Senghor wa Senegali aliondoka mwisho wa 1980, Ahidjo wa Kameruni 1982, Nyerere 1985. Wengi waliobaki waliogopa kwamba nje ya Ikulu hakuna maisha, au pana gereza. Kiongozi anayeona mbele yake nyumba, kazi na heshima huachia madaraka kwa urahisi zaidi. Nyerere mstaafu aliyekaa kijijini kwao akipokea wageni na kuandika alikuwa somo kwa waliomfuata. Tangu wakati huo kila rais wa Tanzania aliyemaliza vipindi vyake ameondoka Ikulu bila kuvutwa.

Mwalimu wa Bunda hakatai heshima. Anachouliza ni nani anayelipa na nani anayesimulia. Mfano anaouanza nao unatoka Nigeria. Mei 2005, Olusegun Obasanjo akiwa bado rais, ilifanyika harambee ya kuchangia maktaba yake huko Abeokuta. Matajiri, magavana wa majimbo na makampuni waliahidi mabilioni ya naira. Wakili Gani Fawehinmi alikwenda mahakamani kupinga. Ubishi haukuhusu vitabu. Ulihusu mfanyabiashara anayetegemea kibali cha serikali: anawezaje kukataa kumchangia mtu anayetoa vibali? Maktaba ilifunguliwa Machi 2017, ikiwa na makumbusho na hoteli katika eneo moja. Kwa mwalimu, mchango anaoombwa mtu na rais aliye kitini hauwezi kuitwa hiari, hata kama kila mtoaji ametoa huku anatabasamu.

Mfano wake wa pili ni mzito zaidi, kwa sababu unagusa ukweli wenyewe. Richard Nixon alijiuzulu Agosti 1974 baada ya kashfa ya Watergate. Bunge la Marekani lilitunga sheria mwaka huo huo kuzuia asiondoke na kanda na karatasi zake, kwa hofu kwamba zingeharibiwa. Marafiki zake wakajenga maktaba kwa fedha binafsi huko Yorba Linda, California, alikozaliwa, ikafunguliwa 1990. Kwa miaka mingi mgeni aliyeingia humo alisimuliwa Watergate kama hila ya maadui wa rais. Hifadhi ya nyaraka ya taifa ilipochukua uendeshaji mwaka 2007 maonyesho hayo yaliondolewa, na mapya yaliyojengwa juu ya kanda na hati zenyewe yakafunguliwa 2011. "Jengo lilikuwa lile lile, mzee wangu," mwalimu anasema, "lakini kwa miaka kumi na saba watoto wa shule walipita mle wakajifunza uongo, kwa sababu aliyeshika ufunguo ndiye aliyekuwa akisimuliwa habari zake."

Mzee anajibu kwamba Nyerere hakuwa Nixon. Mwalimu anakubali mara moja, kisha anasema kwamba hilo halijibu swali. Mtu mwema naye huacha maamuzi yaliyowaumiza watu, na mtu mwema ndiye anayesamehewa kwa haraka bila kusomwa. Novemba 1973 Nyerere alitangaza kwamba hadi mwisho wa 1976 wananchi wote vijijini wawe wanaishi katika vijiji vya pamoja. Mkoa wa Mara haukusalimika na kuhama huko. Wako wazee Bunda wanaokumbuka nyumba zilizobomolewa, na wako wanaokumbuka shule na kisima vilivyofuata baadaye. Mwalimu anapofundisha somo hili ana kitabu cha kiada chenye ukurasa mmoja, na ana bibi na babu za wanafunzi wake. Hana taarifa ya mkuu wa mkoa kwenda Ikulu, wala jibu la Ikulu kwa mkuu wa mkoa. Hawezi kumwonyesha mwanafunzi nani alijua nini na lini. Kuna pia Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya 1962, maasi ya jeshi ya Januari 1964, mazungumzo yaliyozaa Muungano Aprili mwaka huo, na Oscar Kambona, aliyekuwa karibu sana na Nyerere kabla ya kwenda uhamishoni 1967. Kipimo cha mwalimu ni hiki: maktaba ya Nyerere isiyo na faili la Kambona ni makumbusho, hata ikiwa na rafu mia.

Hapo ndipo mkutubi wa Musoma anapoingia, na anaingia kwa kutenganisha mambo matatu ambayo wenzake wameyachanganya. Maktaba huhifadhi vitabu vilivyochapwa, ambavyo nakala zake zipo kwingine. Makumbusho huhifadhi vitu: kiti, fimbo, bao, zawadi kutoka kwa wageni. Hifadhi ya nyaraka huhifadhi karatasi ambazo aghalabu ziko moja tu duniani, na ikiungua moja hakuna duka la kununua nyingine. Wamarekani waliviweka vyote vitatu chini ya paa moja wakaliita jengo zima maktaba, na jina hilo limewafanya watu wengi barani Afrika wadhani kwamba kujenga ukumbi wenye vitabu na picha kunatosha. Butiama ina vitabu na ina vitu, na vyote ni vya thamani. Vitabu vya mtu kama Nyerere, ambaye alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili huku anaongoza nchi, vinaonyesha akili yake ilikuwa ikila nini. Lakini anachokitafuta mwalimu wa Bunda kimo katika aina ya tatu.

Kisha anauliza mahali zilipo karatasi hizo, na jibu lake ni refu, kwa sababu hazipo mahali pamoja. Barua rasmi za rais ni mali ya serikali na hufuata njia ya Ikulu kuelekea Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Nyerere alikuwa pia kiongozi mkuu wa chama tangu TANU ilipoanzishwa Julai 7, 1954 hadi alipoacha uenyekiti wa CCM, mrithi wa TANU, mwaka 1990, na katika mfumo wa chama kimoja maamuzi mengi mazito yalipita Halmashauri Kuu na Kamati Kuu; nyaraka hizo ni za chama. Azimio la Arusha la 1967 lina makumbusho yake, Arusha, yaliyofunguliwa 1977. Taasisi ya Mwalimu Nyerere, aliyoianzisha mwenyewe mwaka 1996, iko Dar es Salaam. Huko huko, katika Tume ya Sayansi na Teknolojia, lilianzishwa Kavazi la Mwalimu Nyerere, lililowapa watafiti mahali pa kukusanya maandishi yanayomhusu. Issa Shivji, aliyeliongoza, aliandika pamoja na Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata wasifu wa Nyerere wa juzuu tatu, uliochapwa na Mkuki na Nyota mwaka 2020. Barua alizowaandikia marais wengine ziko katika hifadhi za nchi hizo. Joan Wicken, Mwingereza aliyekuwa msaidizi wake binafsi kwa zaidi ya miaka 30, alipitisha mikononi mwake sehemu kubwa ya maandishi yake ya Kiingereza. Na familia ina ya kwake.

Mkutubi hasemi hayo kwa kulalamika. Anataka ieleweke kwamba kutawanyika kwa karatasi ndiyo sababu ya msingi kabisa ya taasisi hii kuwapo, kubwa kuliko heshima na kuliko sifa. Rais mmoja huacha alama katika ofisi mia moja. Mtafiti akitaka kufuata uamuzi mmoja tangu wazo la kwanza hadi agizo la mwisho, lazima apate mtu au mahali panapojua vipande vyote viko wapi. Ni kazi ya orodha. Inaweza kuanza hata kabla tofali la kwanza halijafyatuliwa.

Kuhusu umiliki, anaendelea, sheria haziko kimya. Marekani ilihitaji kashfa ya Nixon ili kuamua. Sheria ya 1978 ilisema kwamba karatasi za kazi za rais ni mali ya umma, na ikaanza kuwahusu marais walioingia madarakani kuanzia Januari 1981. Miaka mitano baada ya rais kuondoka mwananchi anaweza kuziomba. Baadhi ya mambo yanaweza kufungwa hadi miaka 12. Tanzania ina Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya 2002, ambayo kwa kawaida hufungua nyaraka za serikali zikifikisha miaka 30, isipokuwa zile zenye sababu maalumu ya kufungwa. Halafu ipo Sheria ya Kuwaenzi Waasisi wa Taifa ya 2004, inayowahusu Nyerere na Abeid Amani Karume, na inayotaka kumbukumbu zao zihifadhiwe. Karatasi ya mwisho ya urais wa Nyerere ilitimiza miaka 30 mwaka 2015.

Mwalimu wa Bunda anaikamata tarehe hiyo. Ikiwa miaka imepita, anasema, basi mjadala wa jengo ni wa pili. Wa kwanza ni kwa nini mwanafunzi wa Bunda akitaka kusoma faili la mwaka 1974 kuhusu kijiji chake mwenyewe asafiri zaidi ya kilomita 1,000 hadi Dar es Salaam, kwa nauli ya mjomba, na bado asiwe na hakika kwamba faili lipo katika orodha. Haki iliyo mbali kiasi hicho inamfikia mtafiti mwenye ufadhili wa chuo kikuu cha ng'ambo kabla ya kumfikia mtoto wa mkulima. Hilo ndilo linalomuuma zaidi, na ni kweli linauma: sehemu kubwa ya historia ya vijiji vya Tanzania imeandikwa kwa Kiingereza na watu ambao waliweza kulipia safari ya kwenda kuisoma.

Mzee wa Butiama sasa anashika upande ambao wenzake hawakuutarajia. Anasema karatasi si karatasi tu. Katika barua za mtu yamo magonjwa ya watoto, ugomvi wa ndugu, madeni, maombi ya watu waliomwandikia kwa siri wakiamini atazichana baada ya kusoma. Mjane aliyemwandikia Nyerere mwaka 1970 kuomba msaada hakukubali kusomwa na wanafunzi wa Bunda. "Wanangu, mnataka kufungua nyumba ya mtu aliyelala," anasema. Tena Nyerere si mtu wa serikali peke yake. Jimbo Katoliki la Musoma lilifungua mchakato wa kumtangaza mwenye heri mwaka 2005, naye sasa huitwa Mtumishi wa Mungu. Kwa waumini wanaokuja kusali, Mwitongo ni mahali pa kunyamaza.

Hoja hii inastahili jibu la kweli, na mkutubi analitoa katika mchakato huo huo wa Kanisa. Hakuna anayetangazwa mwenye heri kwa sifa za majirani peke yake. Maandishi yake hukusanywa, yaliyochapwa na yasiyochapwa, yakasomwa na watu waliopewa kazi hiyo. Mashahidi huitwa, wakiwamo wenye la kupinga. Na yupo afisa ambaye wajibu wake ni kuhakikisha mambo magumu hayarukwi. Heshima ya juu kabisa ambayo Kanisa linaweza kumpa mtu inapita kwanza katika karatasi zake. Kuhusu mjane, mkutubi anakubaliana na mzee bila masharti. Watunza nyaraka wana utaratibu wa siku zote: barua zenye siri za watu binafsi hufungwa kwa miaka iliyotajwa, jina likafichwa, lakini huandikwa katika orodha kwamba zipo. Kinachokatazwa ni kuzificha bila kusema, au kuzichoma.

Mwalimu anaongeza mfano wa Uganda. Hakuna aliyemjengea Idi Amin maktaba. Hata hivyo, shirika la utangazaji la serikali lilikuwa na makumi ya maelfu ya filamu hasi za wapiga picha wake wa miaka ile, ambazo zilikaa kabatini kwa miongo kadhaa. Mwaka 2019 baadhi yake zilionyeshwa katika Makumbusho ya Uganda, Kampala, na familia za watu waliopotea zikapata mahali pa kuzungumza. Nyaraka za utawala zina thamani awe rais mwema au mbaya, aliyependwa au aliyekimbia. Kwa sababu hiyo mwalimu hapendi zitegemee utashi wa rais mwenyewe, wala utajiri wa marafiki zake.

Lakini serikali nayo si mlinzi wa kuaminiwa macho yakiwa yamefumbwa, na hapo Kenya inatoa mfano ambao mkutubi anausimulia kwa huzuni. Joseph Murumbi, makamu wa rais wa Kenya kwa miezi michache ya mwaka 1966, alikuwa mkusanyaji wa vitabu, hati na kazi za sanaa asiye na mfano katika kanda hii. Yeye na mkewe Sheila waliiuzia serikali mkusanyiko huo katika miaka ya 1970, pamoja na nyumba yao ya Muthaiga, Nairobi, kwa makubaliano kwamba hapo patakuwa na taasisi ya masomo ya Afrika yenye jina lake. Vitabu vilinusurika, maelfu yake yamo leo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Kenya, mtaa wa Moi Avenue, na msomaji anaweza kuviona. Taasisi haikujengwa. Ardhi iligawanywa, nyumba ikabomolewa, naye Murumbi alikuwa hai akaona. Alifariki 1990. Taasisi hiyo ingekuwa fahari ya Afrika Mashariki nzima.

Ghana nayo inafundisha kwa upande mwingine. Rais Kwame Nkrumah alipopinduliwa Februari 1966 sanamu yake iliangushwa, na alifia ugenini 1972. Kaburi lake la kitaifa mjini Accra lilifunguliwa 1992, katika uwanja ule ule alipotangaza uhuru. Taifa lilihitaji robo karne kumrudisha. Karatasi hazina subira ya namna hiyo. Mchwa, unyevu na moto havingojei watu wapatane.

Kwa hiyo gharama ya kweli haiko katika kujenga. Marekani ilijifunza hivyo kwa kuchelewa: tangu 1986 sheria inataka anayetaka kukabidhi maktaba ya rais kwa serikali akabidhi pia mfuko wa akiba wa kuiendesha, na kiwango cha mfuko huo kimepandishwa zaidi ya mara moja baadaye. Jengo huzinduliwa siku moja mbele ya kamera. Umeme wa kupoza ghala, mishahara ya watunza nyaraka, dawa ya mchwa na masanduku yasiyo na asidi hulipwa kila mwezi, bila kamera, kwa miaka isiyo na mwisho. Mkutubi anajua maktaba za mikoa zinavyohangaika kununua vitabu vipya. Hataki Butiama ipewe jumba kubwa ambalo baada ya miaka kumi litakuwa na mlinzi na kufuli.

Marais waliomfuata Nyerere hawakushika njia moja. Benjamin Mkapa alianzisha mwaka 2006 taasisi inayoshughulikia afya, kisha akaandika kumbukumbu zake, zilizotoka 2019, mwaka mmoja kabla hajafariki na kuzikwa Lupaso, Masasi. Ali Hassan Mwinyi alisimulia maisha yake katika kitabu cha Kiswahili kilichotoka 2021. Songea, nyumba ya Rashidi Kawawa, ambaye alikuwa waziri mkuu na si rais, imefanywa makumbusho. Kila moja ya hatua hizo ni njema. Mwalimu wa Bunda anaona tu kwamba kitabu cha kumbukumbu ni ushahidi wa upande mmoja, hata mwandishi wake awe mkweli kiasi gani, na kwamba msomaji anahitaji faili la pembeni la kulinganisha nacho.

Kilichobaki ni mahali. Mzee anataka asili za nyaraka zirudi Butiama, kwa sababu hapo ndipo alipotoka Nyerere na ndipo wageni wanapokuja. Mwalimu ana shaka: kijiji kinaweza kuwa mbali na watafiti kama Dar es Salaam ilivyo mbali na Bunda. Mkutubi anataka asili zikae serikalini, katika ghala lenye wataalamu, na nakala zisafiri. Kituo cha Barack Obama, huko Jackson Park, Chicago, kimejengwa kwa mpangilio huo: karatasi zinabaki mikononi mwa hifadhi ya taifa, zinasomwa kwa nakala za dijitali, na jengo linaendeshwa na taasisi binafsi kwa maonyesho na shughuli za jamii. Ni mpangilio unaoifaa Butiama kuliko ule wa Hyde Park. Makumbusho yapo tayari. Wilaya, iliyokatwa kutoka Musoma Vijijini, ina Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia chenye jina la Nyerere, ambacho kitahitaji maktaba yake kwa hali yoyote. Chumba kimoja cha kusomea, kompyuta kadhaa, orodha kamili ya Kiswahili, na mtunza nyaraka mwenye ajira ya kudumu vingetosha kuanza. Na nakala hizo hizo zingeweza kusomwa Musoma, na katika shule za Bunda, bila mwanafunzi kupanda basi.

Mkutubi anaongeza kazi moja ambayo haimo katika faili lolote. Wazee wa Mara waliohamia vijiji vya pamoja wakiwa watu wazima sasa ni wachache, na wengi wao husimulia vizuri zaidi kwa Kizanaki, Kijita, Kikurya au Kiikizu. Sauti zao zikirekodiwa zitasimama kando ya agizo la Ikulu la wakati ule, na msomaji atasikia agizo lilipofika kijijini lilikuwa nini. Hapo mzee na mwalimu wanakubaliana kabla hajamaliza kusema.

Juu ya barua za faragha hawakubaliani kabisa, ila wamesogeleana. Mzee anakubali ziorodheshwe, mradi familia ishirikishwe katika kuamua zipi ni za nyumbani na zipi ni za nchi. Mwalimu anakubali zifungwe, mradi mwaka wa kufunguliwa uandikwe juu ya kila sanduku tangu siku linapofungwa, na mwaka huo usiweze kusogezwa na mtu mmoja. Mkutubi anapendekeza kwamba kwa marais wajao sheria iseme hivyo kabla hawajaapishwa, ili kila mmoja aingie Ikulu akijua kwamba anachoandika kitasomwa, na akijua ni lini.